Njia Iko Pale

Lubumbashi nzima ilimjua mama yangu kwa ubaya. Sisemi kumchongea. Jumapili baada ya Misa, umeme ukituonea huruma, watu wa mitaa yetu, Kamalondo, Katuba na Kenya, walikaa mbele ya runinga wakimtazama akimnyima chakula binti wa mume wake, akimtwisha ndoo, na mwishowe, mkono kiunoni na kidole kikielekea mlangoni, akimwambia: “Njia iko pale!” Wanawake wazima walitukana kioo. Watoto wa mtaani walijifunza kusimama vile. Wakati huo mwenyewe alikuwa nyumbani, na mimi, binti wa kweli wa mume wake, nilikuwa nimekaa katikati ya magoti yake nikisukwa, nikilalamika kwamba anavuta sana.

Mama aliyenizaa alifariki nikiwa sijajua hata kutambaa. Baba alikuwa mtu wa reli, mpole, hajui kupika hata chai, na alipomwoa huyu wa pili, mwanamke alikuwa tayari ni mtu wa michezo ya kuigiza. Huku kwetu hatuna jina zuri la mwanamke wa namna hiyo. Tunasema “muke ya baba”, na ukishamwita hivyo umeshamtukana. Mimi nilimwita mama, bila nyongeza.

Alianzia parokiani. Kwaresima moja walitafuta kijakazi wa kumtambua Petro pale penye moto, na akamtambua kwa ukali hata kijana aliyeigiza Petro akasahau maneno yake. Tangu hapo kila mwanamke mbaya wa masimulizi alikuwa wake. Alikuwa mchawi, alikuwa mke mwenza, alikuwa yule mama wa mfalme wa hadithi za Waluba aliyemcheka mwanawe mbele za watu akafukiwa mzima. Nilimuuliza kwa nini hakatai, akanijibu huku anapaka midomo rangi: “Bale bazuri kazi yabo ni kulia tu. Babaya njo beko na maneno.” Yaani wabaya ndio wenye maneno ya kusema.

Mwanzoni ubaya ule ulimfurahisha. Akipita, watu walimwachia kiti. Baadaye ulianza kumfuata sokoni. Mwuza nyanya mmoja alifunika beseni lake kwa kitambaa mbele yetu. “Siuzishe bintu ku muntu mwenye kunyimaka batoto bukari!” Bukari ndiyo ugali wetu. Mama alicheka, akadhani ni utani, akanyoosha mkono kuchagua nyanya, na yule mwuzaji akaupiga ule mkono. Shuleni mwalimu aliniita pembeni akanikagua mgongo kama una alama. Mama za wenzangu walinipa mkate kwa siri, na mimi niliula, maana sioni mtoto gani angekataa. Lakini yeye aliacha kwenda sokoni. Akawa ananituma mimi, na akitoka anajifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi.

Haya yote yangebaki kuwa mambo ya kuchekea kama nisingepata mchumba. Ni mtu wa mgodini, kule Kinsevere, na kwao ni Kamina. Shangazi yake alikuja kututembelea, akaona picha ya mama ukutani, na kuanzia hapo akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri gari. Haikupita muda tukaletewa maneno: ukoo una wasiwasi. Kama msichana amelelewa na yule mwanamke, amefundishwa nini?

Sasa lazima nieleze jambo moja. Siku ya mahari vitu vingi huletwa, lakini kikwembe cha mama, kile kitambaa kizuri kuliko vyote, huwekwa mikononi mwa mama wa msichana mbele ya koo zote mbili. Anayekipokea ndiye mama tangu siku hiyo. Ndoa ikiyumba, yeye ndiye anayeitwa. Mtoto akizaliwa, yeye ndiye anayekuja kumwogesha. Wazee wetu walikaa wakaamua kwamba kikwembe hicho atakipokea mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, ili wakwe wasitishike. Mama mdogo ni mtu mwema na ana sura ya mama aliyenizaa, hilo sina ubishi nalo. Ila hakuwahi kunisuka.

Nilivimba kwa hasira. Nilipanga kuwafuata wazee na kuwaambia ukweli wao, lakini mama mwenyewe alinizuia. “Niko sawa ku jikoni,” alisema. “Siku yako isiharibike juu ya sura yangu.” Alisema bila kunitazama, na yule ni mtu anayejua kumtazama mtu.

Siku ilipofika, wakwe walikaa upande mmoja wa uwanja wetu na sisi upande mwingine, viti vya plastiki vimepangwa, soda, sucré tunavyoziita, kwenye beseni la barafu. Mimi nilifungiwa chumbani kama ilivyo desturi, pua yangu kwenye wavu wa dirisha. Msemaji wetu alikuwa mjomba, mtu aliyekaa Dar es Salaam akinunua magari na kurudi na Kiswahili kilichopigwa pasi. Mama alikuwa jikoni uani, chini ya mabati, akipuliza makaa ya mbabula. Mambo yalikwenda vizuri mpaka akatoka kuleta maji ya kunawa, maana msichana aliyepewa kazi hiyo alikuwa anapiga selfi.

Babu wa mchumba wangu, mzee mkavu mwenye kofia, alinawa taratibu huku anamkodolea macho. “Ule mama mwenye kuleta maji, ni nani? Ile sura naijua.”

Mjomba alikohoa, akatafuta neno la heshima, na alilolipata ni la Dar es Salaam. “Huyo, wazee wangu, ni mama yake wa kambo.”

Msomaji wa pwani hataona kosa lolote. Lakini sisi huku nkambo ni babu au bibi, mzazi wa mzazi wako, na nkambo hana woga kwa mtu: babu wa bwana arusi na bibi wa bibi arusi hutaniana kama mume na mke.

“Nkambo yake?” mzee aliruka. “Nkambo gani mwenye meno yote mu kinywa? Basi njo bibi yangu! Kuya, ikala hapa, ulinikimbiaka siku mingi!”

Mama aliweka birika chini. Nilimwona akiwapima watu kwa macho, kama afanyavyo kabla ya taa za kamera kuwashwa. Halafu mkono ukaenda kiunoni. “Mimi? Weye njo ulikimbia. Na sasa unarudi mikono mutupu?”

Watu walivunjika mbavu. Mzee alimvuta akamkalisha karibu naye. Shangazi naye alikuwa anacheka, kisha akashika mdomo. “Mama eh! Ni ule wa ‘Njia iko pale’! Kumbe ni nkambo yake tu!”

“Asinionyeshe njia,” mzee alisema, “mi sijakula!”

Nilifurahi pale dirishani kuliko ninavyoweza kusema. Furaha yangu haikudumu. Msemaji wao alisimama na kikwembe mikononi. “Nkambo tumemuona. Sasa mama ya musichana iko wapi?”

Ndipo nilipoona neno la mjomba lilivyotufunga. Lilimpa mama kiti, na papo hapo likamwondolea nafasi yake. Mama mdogo alijiweka sawa. Mama aliinuka polepole pembeni ya mzee, akaokota birika, akarudi jikoni. Mimi nikaitwa nje, nikaulizwa kama nawajua wageni hawa, nikasema nawajua. Nikapewa kikwembe. “Pelekea mama yako.”

Mama mdogo alikuwa ameshanyoosha mikono. Nilipiga magoti mbele yake kwa sababu sura ile ni ya mama yangu, nikamwambia chini chini, “Mama mdogo, unisamehe.” Aliangalia upande wa jikoni, akaniangalia mimi. Akakunja mikono yake mapajani. “Enda,” alisema. Nitamheshimu kwa neno hilo hadi nife.

Nikavuka uwanja.

“Lakini ule ni nkambo!” msemaji wao alipiga kelele.

“Ni mama,” nilisema. “Nkambo ni Kiswahili ya mujomba. Ni muke ya baba, na njo mwenye alinilea.”

“Kambo si nkambo!” mjomba alianza kueleza, lakini hakuna aliyemsikiliza. Wote walikuwa wanamtazama shangazi, aliyesimama na uso mzito.

“Ni ye mwenye kunyimaka batoto bukari?” aliuliza.

Mimi ni mnene. Ni mnene kwa raha zangu, na siku hiyo gauni lilikuwa linalia kwenye mishono. Nikageuka taratibu, ili waone pande zote. “Tantine, uangalie huu mwili. Banaunyimaka bukari huu?”

Shangazi alinikagua kuanzia juu hadi chini. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni kigelegele.

Mama alikuwa amesimama na unga mikononi. Maneno yale yote aliyowahi kuyatupa kwenye runinga, hakupata hata moja. Alijifuta mikono, akaifuta tena, akapokea kikwembe na kukificha usoni, akalia kama wale wazuri aliozoea kuwacheka.

Baada ya arusi, siku ya kunitoa nyumbani, shemeji zangu walimzunguka getini na simu zao. Siku hizi vipande vyake vinazunguka kwenye simu, na kila mtu anataka chake. “Mama, sema ile maneno!” Alikataa, wakamsihi. Mwishowe aliweka mkono kiunoni, akanyoosha kidole kuelekea barabara, nasi wote tukangoja ile sauti.

“Njia iko pale,” alisema, kwa sauti ya nyumbani. Kidole hakikushuka. “Na njo ile ile ya kurudilia.”