Mtaa Uliobaki Bila Jina

Jirani yangu hapa Kibondo anafyatua matofali. Tangu asubuhi vijana wake wanamwagia udongo maji na kuukanyaga, na harufu yake inavuka ua na kunifuata humu ndani nilimokaa kwa sababu ya maumivu ya magoti. Ni harufu ya mvua iliyochanganyika na chuma. Watu wengine wakiisikia huwaza nyumba. Mimi huwaza mji mzima, na nikiuwaza huchoka, kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu akakuta hakuna maji ya kuoga.

Mji wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba yetu, katika milima ya upande wa Muyama, miaka ile ya sabini nilipokuwa bado sijaanza shule. Baba alikuwa amechimba udongo wa kukandika kuta, akaacha shimo pana lenye kina kifupi, chini ya migomba. Mvua ikinyesha shimo lilijaa tope laini, jua likiwaka tope likashika vizuri. Ndipo dada yangu Leokadia alipoanza kujenga. Aliuita mji ule Kasulu ya Pili, ingawa Kasulu ya kwanza alikuwa ameiona mara moja tu, akiwa mgongoni kwa mama, na inasemekana alilala njia nzima.

Haukuwa mchezo wa kupika na kupakua. Kila mtu alikuwa na kazi yake katika mji ule, na ukishakuwa fundi cherehani ulibaki fundi cherehani mpaka ufe au uhamishwe. Binamu yetu Filipo alikuwa mwizi. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mdogo, nilichota maji. Mambo yaliyowapata watu wetu yaliamuliwa na vipande vya bua la mtama, vilivyopasuliwa katikati, upande mmoja mweupe na wa pili una ganda jeusi linalong'aa. Unatamka unachotaka kitokee, unavirusha. Vikiangukia weupe juu vyote, jambo limetokea. Vikichanganyika, unangoja hadi kesho. Vikiwa vyeusi vyote, pole.

Na mitaa ilikuwa na sheria yake. "Mtaa hauzaliwi na jina," Leokadia alikuwa akisema, huku amejishika kiuno kama mama. "Jina linatokana na jambo lililotokea pale." Kwa hiyo tulikuwa na mtaa wa Kuku Kapita, maana kuku alipita tope likiwa bichi. Tulikuwa na Gereza Tamu, alikofungwa Filipo, ambako alikula karanga zote tulizoweka kwa ajili ya sikukuu. Tulikuwa na Bibi Harusi Kakimbia. Hapo ndipo siku moja nilipopandishwa cheo nikawa bibi harusi, nikakalishwa kwa heshima zote juu ya njia ya siafu. Mtaa ambao haujapata jina ulikatazwa kuingiwa. Ukiuliza kwa nini, Leokadia alijibu, "Ukipotelea humo tutakutafuta wapi?"

Esperansi alikuja na mama yake wakati maharage yanakauka. Walitoka ng'ambo, Burundi, kama wengine wengi waliokimbia mauaji mwaka ule, wakiwa na mkeka, sufuria na nguo walizovaa. Baba aliwapa jiko letu la nje walale humo. Lugha haikutupa taabu, kwa sababu Kirundi chao na Kiha chetu ni kama watoto wa mama mmoja. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini Mama Esperansi aliomba jembe asubuhi ya kwanza. Kabla ya kwenda shambani alifagia njia. Hakufagia uwanja tu. Alifagia njia yenyewe, kuanzia mlango wa jiko, kupitia migombani, hadi kule inakoanza kuteremka bondeni. Alifanya hivyo kila siku.

Mume wake alikuwa amebaki nyuma. Walikuwa na duka dogo mjini huko kwao, na siku ya kukimbia aliwatanguliza, akasema anafunga mlango kisha anawafuata. Hayo tuliyasikia kwa Esperansi mwenyewe. Aliyasema akiwa amechuchumaa ukingoni mwa shimo letu, anaitazama Kasulu ya Pili kwa jicho la mtu aliyewahi kuishi mjini kweli.

Leokadia alifurahi kupata mtu wa namna hiyo. Alimpa kiwanja kizuri upande wa juu, ambako maji hayakutuama, akamwambia ajenge. Esperansi alijenga kwa siku kadhaa, nyumba zenye baraza, bora kuliko zetu zote. Alipomaliza alisema, "Mtaa wangu unaitwa Baba Karudi."

"Amerudi lini?" akauliza Leokadia.

"Bado."

"Basi hauwezi kuitwa hivyo. Hapa jina halitangulii jambo."

"Kwetu kila mtaa ulikuwa na jina kabla sijazaliwa," Esperansi akasema. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Filipo akapendekeza Esperansi avirushe vipande, kwani ndiyo sheria. Akavirusha. Vikachanganyika. Kesho yake akavirusha tena, vikachanganyika tena. Ikawa ndiyo kazi ya kila mchana. Sisi wengine tuliendelea na mambo yetu, tukaoa, tukafilisika, Filipo akatoroka gerezani, na Esperansi amekaa upande wa juu anaokota vipande na kuvirusha, midomo inatikisika bila sauti. Mara moja viliangukia weusi juu vyote. Akaenda kumsaidia mama yake kupukuchua maharage, na siku ile hakula.

Nilichoka kumtazama. Sijui kama mtoto mdogo anaweza kuchoka namna hiyo, lakini nakumbuka uzito wake hapa kifuani. Nilimwambia mama kwamba mchezo haunogi tena. Mama alikuwa anamenya ndizi, akaendelea kumenya. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema, kwa Kiswahili, kama alivyofanya kila alipotaka tusiulize zaidi.

Siku moja, jua likiwa limeinama kidogo, Leokadia hakutokea mchezoni. Tulidhani ametumwa kuni. Esperansi alikuwa ndiyo kwanza ameokota vipande vyake, na hapo tukasikia majani makavu ya migomba yakikanyagwa. Akaja mtu kutoka upande wa bondeni, kwenye ile njia iliyofagiliwa, amevaa koti kubwa. Lilikuwa koti la baba la kwendea kanisani. Mikono ilimezwa na koti lile, pindo lake lilifika kwenye miguu mitupu iliyojaa vumbi. Filipo akaanza kucheka. Leokadia hakucheka. Alikuwa anatembea polepole, kwa hatua za mwanamume aliyetoka mbali.

Alisimama mbele ya mtaa ule wa juu, akasema kwa sauti nzito, "Amahoro hapa."

Esperansi aliinuka. Nilidhani atacheka, au atampiga. Aliweka vipande chini, akafuta mikono kwenye gauni, akaitikia salamu. Kisha akachukua kifuu changu cha kuchotea maji, akainama, akamwagia "baba" maji mikononi, taratibu, kama mgeni anavyonawishwa. Alipomaliza aliuliza, "Mlango, uliufunga?"

Leokadia hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Niliufunga," akasema.

"Na dirisha la nyuma?"

"Nalo."

"Basi mbona umechelewa?"

Hapo dada yangu, aliyekuwa na jibu la kila kitu katika mji ule, alikosa neno. Machozi yalimtoka ndani ya lile koti la watu wazima, akasimama vilevile, hajui kama anaruhusiwa kuyafuta.

Hatukuwa tumemwona Mama Esperansi. Alikuwa anatoka kisimani, amesimama kwenye kona ya nyumba, mtungi kichwani. Sijui alianzia wapi kusikia. Aliutua mtungi bila kumwaga tone, akaja, akamvua Leokadia koti, akalikung'uta vumbi na kulikunja mkunjo kwa mkunjo. Filipo alikimbia, akijua fimbo inakuja. Haikuja. Mama yule alimpelekea mama yangu koti mikononi, akamwambia, "Shika, lisiharibike." Kisha akaketi palepale mlangoni petu, chini, miguu ameinyoosha mbele, kama wanavyoketi wanawake kwenye matanga. Mama aliketi kando yake. Wakalia wote wawili, kwa sauti, na majirani wakasikia, wakaja mmoja mmoja na kuketi pia, bila kuuliza nani amekufa.

Baada ya hapo Mama Esperansi alilala. Alilala usiku ule, akalala na kesho yake mchana kutwa, jembe limeegemea ukuta. Njia haikufagiliwa. Mama alitufukuza tulipochungulia jikoni. "Mwacheni," akasema. "Asiguswe."

Tuliporudi shimoni, Leokadia alikuwa mpole sana. Alimwambia Esperansi kwamba sheria imetimia, jambo limetokea mbele ya macho yetu, mtaa unaweza kuitwa Baba Karudi, na asiyetaka agombane naye yeye.

Esperansi alitikisa kichwa. "Hakuwa yeye."

"Basi uuite unavyotaka."

"Uacheni hivyo hivyo."

Ukaachwa hivyo. Ukawa mtaa pekee wenye nyumba nzuri na usio na jina, na kwa kuwa sheria ilikuwa sheria, hakuna aliyekanyaga humo. Hata Filipo, mwizi wa mji, aliuzunguka.

Hatukucheza sana tena. Msimu wa pili baadaye wakaja watu wa serikali, wakasema wote tuhamie kijiji kipya karibu na barabara. Baba aling'oa milango, mama akafunga vyungu, na tukateremka na mbuzi wetu hadi kwenye uwanda uliopimwa kwa kamba. Kule mistari ya nyumba iliitwa kwa namba. Baba alioneshwa kiwanja chetu, akakitazama, akakaa juu ya mzigo, akakataa kuufungua mpaka giza lilipokaribia. Mama Esperansi na binti yake walipewa kiwanja mstari wa nyuma yetu. Huko alilima, akauza maharage sokoni Kasulu, akazeeka. Mumewe hatukupata kusikia habari zake, mzima wala maiti. Esperansi aliolewa Kasanda, ana wajukuu sasa. Leokadia yuko Kasulu, ni mzee wa kanisa, na nilipomkumbusha mambo haya mwaka juzi alisema anachokumbuka ni kwamba koti lilinuka dawa ya nondo.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile dada yangu alifanya ukatili asioujua, kwamba alimfungulia yule mama kidonda, na kwamba ule usingizi ulikuwa ugonjwa. Tulimhofia, tukanong'ona, tukamwekea uji mlangoni.

Kisha nikawa mtu mzima, na kijana wangu wa kwanza akaondoka kwenda kwenye machimbo. Akaandika mara moja, kisha kimya. Kila gari lililosimama barabarani nilitoka nje kuangalia. Nilipika chakula cha ziada, nikala kiporo chake asubuhi, nikapika tena. Kulima hakujawahi kunichosha hivyo, wala kuzaa. Na watu walinitia moyo, wakisema usikate tamaa, mama, atakuja, na kila aliyesema hivyo aliniongezea mzigo, kwa kuwa ilinibidi nisimame tena, nitazame tena barabarani.

Hakuna aliyenijia amevaa koti lake. Hakuna aliyekosa jibu mbele yangu, akalia. Ndipo nilipomwelewa Mama Esperansi, aliyelala mchana kutwa mle jikoni, mdomo wazi kidogo, mikono imeachia. Hakuwa mgonjwa hata kidogo. Alikuwa amepumzishwa kungoja.