Kiguu Darasani kwa Robo Tatu

Jina la Kiguu alipewa na mama yake mzazi, kabla hajajua hata kufunga kamba za viatu. Lilikuwa kifupi cha kiguu na njia. Mtoto yule ukimwacha jikoni unamkuta uani, ukimfuata uani ameshafika kwa jirani, na kwa jirani wanakwambia amepita tu, hakukaa. Akakua nalo. Alipokuwa mtu mzima, mwenye binti aliyekwisha kumfikia begani na mvi chache alizozing'oa mbele ya kioo, jina bado lilimkaa kama nguo ya kushonewa.

Kazi alizifanya nyingi na zote aliziacha. Alishona mapazia, akaacha. Alisuka nywele saluni, mkono wake ukasifiwa, akaacha. Alipata nafasi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno, akaacha nayo, akadai kile kiti kilikuwa kinamsema. Mtu asije akamdhania mvivu. Alfajiri alikuwa wa kwanza kuamka, anafua, anapiga deki, anawaandalia wenzake chai. Lakini ikifika katikati ya asubuhi, akiwa amekaa mahali, mwili ulianza kumwasha kwa ndani, pale pasipokunika, na macho yakahamia mlangoni yenyewe.

Kibaya ni kwamba alipoacha kazi hakusema. Aliendelea kuvaa na kuaga kama kawaida, akazunguka mjini mpaka jioni, na nyumbani wakaja kujua kwa watu.

Siku moja katika kuzunguka kwake aliwakuta wapima ardhi kando ya barabara. Mmoja anachungulia chombo kilichosimama juu ya miguu mitatu, mwingine kashika fimbo ndefu yenye rangi, anatembea mbali, anasimama, anatembea tena.

"Kwa hiyo nyinyi mnalipwa kwa kutembea?" aliwauliza.

"Kutembea na kupiga hesabu, mama," alijibu mwenye fimbo.

Kiguu alisikia nusu ya kwanza. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameandikishwa chuo cha ufundi, kozi ya upimaji.

Walikuwa wanaishi watatu: yeye, binti yake, na dada yake mkubwa, fundi wa maabara ambaye alikuwa na kazi moja tangu aajiriwe. Dada alipopewa habari alicheka mpaka akashika ubavu. "Nakupa mpaka mvua zianze," alisema. Binti hakucheka. Aliangalia sahani yake, akaendelea kula.

Somo la hesabu lilikuwa la lazima kwa kila mtu wa mwaka wa kwanza. Mwalimu wake alikuwa mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha kooni, vidole vyeupe kwa chaki. Aliingia, akafunga mlango, akasalimia kwa neno moja.

"Somo hili halina uchawi," alisema. "Anayekuja anafaulu au anafeli. Asiyekuja anafeli tu. Asiyehudhuria robo tatu ya vipindi, mtihani wangu hafanyi, na sitaki kuletewa mjomba wala barua ya mjomba. Nikishafunga mlango, uliye nje hukuja. Ukitoka katikati, hukuja. Mazoezi ni kila Jumatatu, kwa mkono wako, siyo wa rafiki yako. Simu inakaa kwenye begi. Na kabla muhula haujaisha, kila mmoja atasimama hapa ubaoni atufundishe swali moja. Ukikwama, ofisi yangu mnaiona ile pale. Njoo uulize. Sijawahi kumla mtu."

"Ndiyo maana wanamwita Robo Tatu, shangazi," alinong'ona kijana wa kiti cha pili. Kuanzia hapo darasa zima likamwita Kiguu shangazi, kwa vile aliwazidi wote umri.

Kiguu alikuwa amechagua kiti cha karibu na mlango. Kwa wiki za mwanzo alipambana nacho. Goti lilicheza chini ya meza mpaka kalamu za jirani zikaanguka. Mwalimu akichora pembetatu, yeye anasikia gari linapita nje na kujiuliza linaelekea wapi. Siku moja alitoka kumsindikiza rafiki yake kuchagua vitambaa. Siku nyingine jua lilikuwa zuri mno. Nyingine tena alifika hadi getini, akamsalimia mlinzi, na miguu ikampitisha kama vile geti lilikuwa la watu wengine. Hakujua hata ilikuwaje. Jioni alirudi nyumbani, akaulizwa za chuo, akasema nzuri.

Haikuchukua muda, Robo Tatu akamsimamisha ukumbini.

"Mama, umeshamaliza nafasi zote za kukosa. Ukikosa tena hata mara moja, sina msaada."

"Mwalimu, mimi si mtoro. Ni miguu."

"Basi ilete miguu peke yake, mradi ijue kusaini."

Kiguu alicheka bila kupenda. Kisha, kwa kuwa mwalimu hakuondoka, alimweleza ukweli: kwamba akikaa anasikia kama anafungiwa, na akisimama akili inatulia. Robo Tatu alimtazama kama swali ambalo hajaliona kitabuni.

"Kanuni zangu zinasema uwepo," alisema mwisho. "Hazisemi ukae. Simama nyuma kule dirishani. Usimzibe mtu."

Hapo mambo yakabadilika kidogo. Kiguu alisimama nyuma, daftari limeegemea kwenye ukingo wa dirisha, akihamisha uzito mguu huu na ule, na kwa mara ya kwanza sini na kosini zikaacha kuwa kelele. Aligundua kwamba pembetatu ni njia tatu tu, na ukijua mbili na kona yake, ya tatu huna haja ya kuitembea ili ujue urefu wake. Jambo hilo lilimshangaza mno. Alikwenda ofisini kuuliza, akarudi tena kuuliza. Mwasho haukuisha, ila ulipata kazi. Akapangiwa siku ya ubaoni, Jumatano, na wiki nzima alipita nyumbani akilifundisha swali lake kwa kabati na masufuria.

Jumatano ikafika. Kuna mmoja mbele yake, kisha zamu yake. Alisimama dirishani, akatupa macho nje ili apumue. Nyuma ya magari ya walimu, kwenye ukuta, kulikuwa na msichana wa sare ya shule amejibanza na begi kifuani. Alikuwa anaangalia madirisha ya ghorofa ile, moja baada ya jingine.

Alikuwa binti yake.

Saa ile alitakiwa kuwa darasani, upande wa pili wa mji. Kiguu alimwona akigeuka, anaanza kuelekea barabarani. Hakufikiri. Alipita katikati ya viti, na mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa Robo Tatu alipotamka.

"Mama, ukitoka umetoka."

"Najua, mwalimu," alisema, akafungua.

Alimkuta karibu na geti, anahema. "Unafanya nini hapa? Shule je?"

Binti alitazama viatu vyake. "Nilitaka kuona kama upo."

"Nipo wapi?"

"Darasani." Kisha maneno yakamtoka kwa mkupuo, kama yalikuwa yamengoja mlangoni. "Ulisema upo kliniki na hukuwepo. Nilikuletea funguo, yule dada wa mapokezi akaniambia uliacha zamani. Nikarudi nyumbani. Jioni ukaja, ukatusimulia mzee mmoja aliyemng'ata daktari. Mama mkubwa alicheka. Na mimi nikacheka."

Kisa cha mzee Kiguu alikikumbuka vizuri. Alikitunga akiwa amekaa kwenye benchi la bustani, akala nacho karanga.

"Umekuja mara ngapi?"

"Jumatano zote. Kipindi cha kwanza tuna hesabu, mwalimu wetu haiti majina." Alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Siku nyingine nakuona umesimama dirishani. Siku nyingine sikuoni. Nisipokuona nangoja, nasema labda amechelewa."

Walikwenda shuleni kwa miguu, mama mbele, mtoto nyuma, halafu sambamba. Njia yote Kiguu alisikia mwasho umempanda mpaka kooni, lakini safari hii haukuwa wa kutaka kuondoka. Alitamani angeweza kujivua kama koti.

"Sasa mwalimu wako si ataandika hukuja?" binti aliuliza ghafla.

"Ataandika."

"Basi rudi, mama!"

"Mlango ameshafunga."

Kwa mwalimu mkuu wa shule waliomba radhi wote wawili. Mchana Kiguu alirudi chuoni, akaenda ofisi ya Robo Tatu na kumweleza yote, hata yale ya kliniki. Mwalimu alisikiliza huku anazungusha kipande cha chaki mezani.

"Pole sana," alisema. "Ningekuwa wewe ningetoka pia. Lakini muhula uliopita nilimnyima mtihani kijana anayemuuguza baba yake. Yeye naye hakuwa anacheza. Nikikufungulia wewe, yeye nimwambie nini?"

"Mwalimu, ni mtoto wangu."

"Najua. Utarudia muhula ujao."

Alitoka pale hasira zimembana. Mji ulikuwa wazi mbele yake, barabara zote zinapanda na kushuka, na hakuna hata moja iliyomdai robo tatu ya chochote. Alizunguka. Alipita sokoni, akapita stendi, akasoma vibao vya mabasi yaendayo mbali. Akajisemea kuwa chuo kimemfukuza, siyo yeye aliyekiacha, na hilo lilikuwa tofauti. Alilirudia mara nyingi, na kila alipolirudia lilizidi kukosa nguvu.

Wakati wa chakula cha jioni aliweka kijiko chini. "Sitafanya mtihani wa hesabu," alisema. "Vipindi nilivyokosa vimezidi. Vingine nilivikosa kwa sababu, vingine bila sababu. Nilikuwa nawaambia nilikwenda, na sikwenda."

Dada yake alisahau kutafuna. Katika miaka yote waliyoishi pamoja, lilikuwa jambo la kwanza la aina hiyo kulisikia kutoka kwa mwenyewe. "Kwa hiyo unaacha?" aliuliza, na safari hii hakukuwa na mzaha ndani yake.

"Sijui."

Na kweli hakujua. Asubuhi ya kipindi kilichofuata alivaa, akaaga, akasimama getini kwa mlinzi muda mrefu kiasi kwamba mlinzi akamuuliza kama amepoteza kitu. Kisha akaingia.

Robo Tatu alipomwona dirishani, aliweka chaki chini. "Wewe huna mtihani. Umekuja kufanya nini?"

"Kusimama, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, ila alisogea pembeni ya ubao. "Swali lako bado tunalidai," alisema.

Kiguu alitembea kutoka nyuma hadi mbele. Alichora mto, akachora mti ng'ambo yake, akaeleza jinsi ya kupima upana wa mto bila kulowana. Katikati aliandika kosini mahali pa sini, jibu likawa mto mpana kuliko mji. Kijana wa kiti cha pili akapiga kelele, "Shangazi, umetuzamisha!" Alifuta, akarudia, mto ukarudi kuwa mto.

Alihudhuria vipindi vilivyobaki vyote, ingawa havikuhesabiwa popote. Wenzake walipoingia kwenye mtihani, yeye alibaki nje ya ukumbi akiwalindia mabegi, akizunguka nguzo za varanda mpaka msimamizi akamwomba atulie, anawachanganya watu.

Muhula uliofuata alianza upya, na watoto wapya waliomwita shangazi. Alikosa kipindi kimoja, na jioni ile ile alikisema mezani. Alifaulu kwa alama ya kawaida, ya kupita tu. Binti alichukua karatasi ya matokeo, akaisoma juu na chini.

"Mwaka wa pili kuna hesabu nyingine?" aliuliza.

"Ipo. Ngumu zaidi, wanasema."

"Mwalimu nani?"

"Bado hatujaambiwa," alijibu Kiguu. Alikuwa amesimama mlangoni, bega moja ndani na moja nje, akijiyumbisha taratibu kwenye visigino vyake.