Kiondo cha Machungwa

Siku ya pili ya safari yetu ya Pwani ilikuwa fupi na rahisi. Kutoka Emali barabara inateremka polepole, upepo unakusukuma mgongoni, na tulikuwa tumekubaliana tulale Kiboko siku hiyo, kwa sababu dada yangu alikuwa anakaa huko.

Tulikuwa watatu, vijana wa Kilungu, na baiskeli zetu nyeusi ambazo siku zingine hubeba mitungi ya maji. Mmoja alikuwa fundi wa baiskeli wa sokoni kwetu, mtu wa maneno machache. Wa pili alikuwa mwimbaji wa kwaya, na huyo hakunyamaza hata akipanda mlima. Wa tatu mimi. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane miaka minne kabla, na tangu hapo kazi yangu ilikuwa kulima na kuota. Bahari nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu. Nilitaka kusimama mbele ya maji yasiyo na ng'ambo, niangalie mpaka nichoke.

Kwenye keria, nyuma ya kiti, nilikuwa nimefunga kiondo cha mama, kimejaa machungwa. Alinipa alfajiri ya kuondoka, baba akiwa bado anaomba chumbani. Dada alikuwa ameondoka nyumbani bila baraka, akamfuata kijana anayefanya kazi kwenye mashamba ya utafiti kule Kiboko. Baba ni mzee wa kanisa. Alisema huyo msichana asitajwe tena mezani, na kwa miaka miwili hakutajwa.

"Mpelekee," mama aliniambia kwa sauti ya chini. "Usimuulize kitu. Kiondo kitaniambia kama bado ananitaka."

Nilielewa. Kwetu kiondo cha mtu hakirudi kitupu. Hata kama huna kitu, unatia kiganja cha pojo. Ukikirudisha kitupu umesema, usije tena.

Asubuhi hiyo mawingu yaliondoka na Kilimanjaro ikaonekana upande wa kulia, nyeupe juu kama mtu amemwaga unga. Tukasimama.

"Mlima kama huu hauangaliwi na mdomo mkavu," mwimbaji akasema, macho yake yakiwa kwenye kiondo. "Moja tu, ndugu yangu."

Nikatoa moja moja. Mbele kidogo mnyororo wa baiskeli yake ukatoka, na fundi alipomaliza kuurudisha, nani angemnyima chungwa? Tulipofika mji wa Simba tukapumzika bila hata kuchoka, ndivyo siku ilivyokuwa nzuri. Hapo fundi akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Uzito ukiwa nyuma sana, tairi inaumia."

"Umesikia?" mwimbaji akapiga makofi. "Fundi amesema. Tuokoe tairi!"

Nami nilicheka, nikala pamoja nao. Siwezi kusema walinilazimisha. Siku ikiwa tamu, mtu anaona kama vitu haviishi. Karibu na Kiboko nilitia mkono kwenye kiondo nikagusa chini. Lilibaki moja.

"Mwambie ni nyani," mwimbaji akasema, lakini hakuna aliyecheka. Nyani walikuwa wamekaa kando ya barabara, wanatuangalia.

Dada alikuwa anapalilia nyanya kando ya mfereji, mtoto mgongoni. Mimi sikujua kuna mtoto. Nyumbani hakuna aliyejua. Aliponiona hakuniangalia mimi kwanza, aliangalia kiondo. Akaja akipangusa mikono kwenye leso.

"Ni cha mwaitu," akasema, yaani cha mama yetu.

Akakifungua. Aliangalia lile chungwa mpaka mtoto akaanza kuchezesha miguu.

"Amenitumia moja?"

"Dada, tumekula. Sisi watatu. Njiani."

"Yalikuwa mengi?"

"Yalijaa."

"Yalijaa kabisa?"

"Mpaka nikafunga na kamba juu."

Akauliza tena, kama mtu anayetaka kusikia neno lile lile. Halafu akacheka, machozi yakimtoka, akanipiga bega kwa ngumi. "Walafi nyinyi! Shetani wa tumbo!" Akalimenya palepale, kipande cha kwanza akampa mtoto. Mtoto akakunja uso, na uso ule ulikuwa wa mama kabisa, mama akionja chai isiyo na sukari. Mbegu dada alizitema mkononi, akazifunga kwenye pembe ya leso.

Kisha akaingia kwenye mistari ya nyanya, akachuma zilizoiva vizuri, akajaza kiondo mpaka juu. Alipokiinua ndipo akakumbuka.

"Ai! Nyinyi mnateremka Mombasa. Hizi zitaoza. Basi nitachuma zingine mkirudi."

Akaanza kuzitoa moja moja, akiziweka chini. Niliangalia mkono wake ukimaliza kiondo, kama nilivyokimaliza mimi asubuhi. Nikamfikiria mama, anasubiri kule juu na hawezi hata kusema kwamba anasubiri.

"Rudisha, dada. Kesho napanda nyumbani."

"Wewe!" mwimbaji akaruka. "Na bahari je?"

"Bahari haiozi."

Alitaka kubishana, akaangalia nyanya, akaacha. Fundi aliinuka, akachukua pampu na kuongeza upepo kwenye tairi yangu ya nyuma.

Asubuhi wenzangu walishuka, nami nikapanda. Njia niliyokuwa nimeiteremka nikipiga mluzi, sasa sehemu nyingine nilisukuma baiskeli nikitembea, nikiwa nimefunika kiondo kwa shati langu. Nilikuwa na huzuni, nisidanganye. Kila basi la Mombasa lililonipita lilinichoma kidogo.

Nilifika nyumbani siku iliyofuata. Mama alikuwa jikoni. Alipokea kiondo kwa mikono miwili, akausikia uzito wake, akakaa chini. Alitoa nyanya polepole mpaka akafika chini, na huko dada alikuwa ameficha soksi moja ndogo ya mtoto, bila kuniambia. Mama aliivaa kwenye vidole vyake viwili, akaiangalia.

"Anafanana na nani?"

"Na wewe, mwaitu."

Baba alikohoa nje ya mlango. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Mama hakuificha soksi. Aligeuka akaangalia baiskeli yangu, imeegemea ukuta na vumbi la njia nzima.

"Hiyo keria," akauliza bila kupunguza sauti, "inaweza kubeba mtu mzima?"

Nikatoka nje kutafuta gunia la kukunja, ili akalie kitu laini.