Maziwa ya Jumapili

Mdomo wa Marselina ulijulikana mtaa mzima wa Nsemulwa. Ukipita nyumbani kwake asubuhi ungedhani kuna ugomvi ndani, kumbe anaongea na kuku. Alizaliwa Usevya, kwenye majaruba ya mpunga, mtoto wa Kipimbwe asiyejua kunong'ona, na hata uuguzi aliuingia kwa mdomo huohuo: mwalimu alimtoa darasani kwa kelele, mtawa wa zahanati akamchukua akawapigie kelele wanaotupa dawa vichakani. Ndivyo alivyokuwa akisimulia mwenyewe, na wala usingemuuliza zaidi, maana kila mwaka hadithi iliongezeka mkia.

Pale hospitalini Mpanda aliwekwa kwa watoto wenye utapiamlo, akazeekea hapo. Magodoro yalibadilishwa, madaktari wakaja na kuhama, yeye yupo. Kina mama walimpenda kwa sababu aliwasema huku mkono wake unawafuta watoto wao mafua. Akimkuta mama kasinzia na kikombe mkononi, wodi yote itajua. Lakini huyohuyo ndiye atakayempokea mtoto, amnyweshe, amwache mama alale mpaka jua lipande.

Siku aliyoletwa Kulwa alikuwa kwenye kilele cha maneno. Mtoto alibebwa na bibi yake, Ngolo, mwanamke wa Kisukuma mrefu, mkavu, bangili za shaba mkononi. Nyuma yake mkwewe, Minza, mama wa mtoto, msichana tu, na mimba nyingine tayari imeshaonekana. Kulwa alikuwa amevimba miguu na mashavu, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu, halii, hacheki, anatazama tu. Alikuwa pacha. Mwenzake, Doto, alikuwa kaachwa nyumbani huko mbele ya Magamba kwa kuwa alionekana ana nafuu. Habari yao ilikuwa ya kawaida kwa miaka hii: mimba ilikuja mapema, wote wawili wakaachishwa ziwa, kiangazi kikakaza, baba yao, Malale, akaswaga ng'ombe mbali kutafuta majani, nyumbani ukabaki ugali na mlenda.

Marselina akamtazama bibi juu mpaka chini, akapiga makofi.

"Haa! Nyie watu wa ng'ombe! Mazizi yamejaa mpaka njia hazipitiki, halafu mjukuu mnamleta kwangu kaisha hivi? Hamwoni hata haya?"

Wodi ikacheka. Minza naye akacheka kidogo, kwa woga. Ngolo hakucheka, ila nani alikuwa anamwangalia Ngolo? Marselina alikuwa kashageuka anapima maziwa ya dawa.

Hayo maziwa ni mepesi, na mtoto hupewa kidogo kidogo, kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Mtoto aliyefika hali ile amechoka mpaka moyo. Ukimshindilia chakula kizito siku za mwanzo, moyo unazidiwa, anakufa huku tumbo limejaa. Marselina alilijua hilo vizuri kabisa. Ngolo alichungulia kikombe akauliza, "Haya ndiyo maziwa? Si maji haya?" Marselina akamjibu, "Ndiyo hayohayo, bibi, kaa utulie," akaenda kitanda kingine. Kazi ilikuwa nyingi. Lakini kazi ilikuwa nyingi kila siku, na kumweleza bibi kusingechukua muda mrefu kuliko kumcheka.

Kulwa alianza vizuri. Uvimbe ulipungua, akaanza kufuata mtu kwa macho. Jumatatu iliyofuata, kabla ya jua kuwa kali, alitapika, akapumua kwa shida, akafa mikononi mwa Minza. Marselina alilia hapohapo mbele ya watu. Hakuwa na tabia ya kujificha chooni kama wenzake.

Basi, wakati huo hospitali za mkoa zilikuwa zimeanza utaratibu mpya wa kuweka takwimu zao pamoja: watoto wangapi walilazwa, wangapi walipona, wangapi walikufa, na lini. Daktari kijana, Wilbert, ndiye aliyeusimamia pale Mpanda. Siku ya kikao aliwakusanya wauguzi, akawasha mashine, picha ikatokea ukutani. Vifo vyao vilizidi vya wengine wote; vichache zaidi vilikuwa vya hospitali ya huko Ziwa Tanganyika. Chumba kikachafuka.

"Sasa huku si kutuanika?" Marselina alifoka. "Tunakesha na watoto wa watu, halafu mnatuchora ukutani kama wezi! Huko ziwani wanapokea watoto wazima, ndiyo maana hawafi!"

Wilbert alikuwa amempigia simu Faudhia, muuguzi wa hospitali hiyohiyo ya ziwani, sauti inasikika na wote. Faudhia hakukasirika. Alisema taratibu, "Dada Marselina, hakuna aliyesema nyie wabaya. Nauliza tu. Wa kwenu wanakufa siku gani?"

Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Wilbert akabonyeza, akavipanga vifo kwa siku za wiki. Jumatatu. Jumanne. Siku nyingine vilikuwa vichache tu.

"Jumapili kuna nini kwenu?" Faudhia akauliza.

Jumapili kuna wageni. Kila mtu mle ndani alilijua hilo, hata mfagiaji angejibu.

"Hata kwetu ilikuwa hivyo," Faudhia akasema. "Samaki chini ya kanga, uji mzito kwenye chupa ya chai. Tukiwakaripia, wanaficha zaidi. Tukaacha kuwasema, tukaanza kuwauliza."

Wilbert akaomba mmoja wao aende kwa familia zilizofiwa, akaulize kwa upole Jumapili mtoto alikula nini. Macho yote yakamwendea Marselina, kwa sababu ni mkubwa na kina mama wanamjua. Siku hiyo alirudi Nsemulwa bila kusalimiana na mtu njiani, mpaka majirani wakauliza kama kapatwa na malaria.

Kwa Ngolo alifika kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Bibi alimpokea vizuri kuliko alivyostahili, akamtolea kigoda kivulini mwa nyumba, akamletea maji.

"Pole sana, mayu," Marselina akasema. Alijua Wasukuma humwita hivyo mama wa heshima. "Nimekuja kwa ajili ya msiba. Na nina swali moja, siulizi kwa ubaya. Jumapili ile, Kulwa alikula nini?"

Uso wa bibi ukakunjuka. Jamani, ukakunjuka kwa furaha kabisa!

"Alikunywa maziwa! Siku ile uliniambia kweli, mwanangu. Watu wa ng'ombe, mjukuu kaisha. Niliona haya, sikulala. Nikaondoka kwenda walipo ng'ombe, baiskeli ikaharibika, nikamalizia kwa miguu. Nikapata ya ng'ombe aliyezaa juzi, yale mazito. Nikayaleta kwa kibuyu, nimeyafunika na kitenge, nyie hamkuona." Akacheka kwa ujanja wake. "Alikunywa mpaka akashika kibuyu mwenyewe. Yule mtoto alikuwa hajashika kitu tangu tumfikishe kwenu! Akanitazama. Ndiyo maana unaniona silii sana. Minza analia, Malale analia, mimi nawaambia, sawa, Mungu kamchukua, lakini mjukuu wangu hakufa na njaa."

Marselina alitaka kuinuka aende zake. Alikuwa kashapata alichotumwa. Angemwambia Wilbert ni maziwa ya ng'ombe, basi, na bibi angebaki na faraja yake mpaka siku ya kuzikwa. Ni nani angemlaumu?

Hapo Doto akatoka ndani. Alitembea kivivu, akaja kujiegemeza kwenye goti la bibi yake. Marselina aliiona miguu iliyovimba kabla ya uso. Akainama, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo, akakiondoa. Shimo likabaki.

"Na huyu naye kaanza," Ngolo akasema, anampapasa kichwa. "Ila safari hii hatuwasumbui nyie. Malale kaleta ng'ombe mwenye ndama, kafika jana jioni. Nimekamua sasa hivi, nilikuwa nasubiri aamke."

Kibuyu kilikuwa mlangoni, povu bado juu.

Akisema, anamnyang'anya huyu mama kitu pekee alichobaki nacho. Asiposema, Doto anakunywa leo hii.

"Mayu, huyu tusimpe hayo kwanza," akaanza, na sauti yake mwenyewe hakuitambua. "Ni mazito kwake."

"Mazito? Ya ng'ombe wetu wenyewe?"

"Moyo wake mdogo umechoka. Akinywa mengi kwa mara moja yanamzidi. Anahitaji yale ya kwetu, mepesi, mpaka apate nguvu. Akipewa haya sasa anaweza..."

Ngolo alitazama kibuyu. Akamtazama Doto. Kisha akamgeukia Marselina, taratibu sana.

"Na Kulwa?"

Huyo ndiye Marselina, mwenye jibu kwa kila mtu, hata kwa kuku! Na jibu la uongo lilikuwepo, tena tamu: Kulwa alicheleweshwa, Kulwa ilikuwa siku yake. Lakini bibi akiamini kwamba yale maziwa hayakumdhuru Kulwa, atampa Doto hata kwa kuficha, kama alivyoficha mara ya kwanza.

"Ndiyo, mayu. Na Kulwa." Machozi yalikuwa yanamshuka. "Ila wewe hukujua. Mimi ndiye niliyejua. Uliniuliza kuhusu maziwa mbele ya kikombe changu, sikukueleza. Nilikucheka. Kama kuna mtu wa kulaumiwa, ni mimi."

Ngolo hakupiga mayowe. Marselina angeshukuru kama angepiga, au angemtukana, au angemfukuza kwa fimbo. Alimwondoa Doto gotini kwake polepole, akainuka, akachukua kibuyu, akaenda kukimwaga nyuma ya nyumba. Aliporudi alisimama mbali na mtoto.

"Mchukue," akasema. "Mwite Minza muende naye."

Doto alilazwa siku ileile.

Baada ya hapo mambo yalibadilika wodini. Jumapili, kabla ya wageni kuingia, Marselina hukaa nao kwenye benchi la nje. Hawapekui. Huwauliza wamebeba nini, huwaeleza kwa nini chakula hicho kisubiri, kisha humpa bibi au shangazi kikombe cha maziwa ya dawa amnyweshe mgonjwa kwa mkono wake mwenyewe, maana alishaelewa kwamba mtu hasafiri mbali hivyo ili akae tu atazame. Wengi hucheka naye. Yeye hacheki tena watu.

Vifo vya Jumatatu vikapungua. Kwenye kikao kingine Wilbert alionyesha ukutani, hospitali nyingine zikapiga simu kuuliza wamefanyaje, Faudhia akapiga vigelegele huko ziwani mpaka simu ikakoroma. Wauguzi wakampigia Marselina makofi. Alifurahi, tusidanganyane, alifurahi sana. Halafu akatoka nje, akakaa kando ya ukuta peke yake, akamlilia Kulwa.

Doto alipona. Siku ya kuruhusiwa alikuwa mtoto wa kelele, anavuta mapazia, anapiga kijiko kwenye kitanda. Ngolo alikuja kumchukua pamoja na Minza. Muda wote mtoto akiwa amelazwa, bibi alikuwa akifika na kuishia mlangoni, anauliza hali, anaondoka. Sasa aliketi kwenye benchi la nje, na Doto alipomwona tu, akanyoosha mikono yote miwili, anapiga kelele, "Bibi! Bibi!"

Ngolo akaweka mikono yake nyuma.

"Mpe mama yake," alimwambia Marselina.

"Anakutaka wewe, mayu."

"Namwona. Mpe mama yake. Mimi mikono yangu ilimnywesha Kulwa, imetosha."

Minza akatazama chini. Mtoto akazidi kulia, anajirusha. Marselina alimbeba Doto, akamweka mapajani kwa bibi yake, akarudi nyuma.

Mtoto akanyamaza papo hapo, akang'ang'ania kitenge, akalaza kichwa kifuani. Ngolo aliendelea kushika ukingo wa benchi kwa nyuma, kwa mikono yote miwili, hakumkumbatia. Alikuwa anajizuia kwa nguvu zake zote asimguse.