Mteja aliandika mtandaoni kwamba chungu changu kinakojoa, oda zote zikakata

Wakuu, habari za humu ndani. Najua wengi wenu ni rika la wajukuu zangu, kwa hiyo shikamoo zenu nimeshazipokea. Marahaba.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Nikidanganya, vyungu vyangu vyote vipasukie motoni.

Ulikuwa mwaka ule tuliokula bada. Watu wa Handeni na Korogwe wameshanielewa hapo.

Mahindi yalinyauka yakiwa kwenye mbelewele, tukabaki na muhogo. Asubuhi uji wa muhogo. Mchana bada, yaani ugali wa unga wa muhogo. Usiku bada tena, na kisamvu, ambacho nacho ni majani ya muhogo huo huo. Mjukuu wangu aliulizwa shuleni nyumbani kwenu mnakula nini, akajibu, "Mti mmoja."

Mimi ni Mzigua wa Handeni, nimeolewa Korogwe, upande wa Mnyuzi. Shule niliiacha mapema, naandika kwa kidole kimoja, nikikosea mnivumilie. Ila kufinyanga nimefundishwa na mama yangu, na katika hilo sina unyenyekevu. Vyungu vyangu ni vizuri. Wajukuu wangu wamekua navyo, mmoja sasa yuko chuo, na nikimtaja huwa nakaa sawa kwenye kigoda.

Zamani nilikuwa nauzia gulioni. Mchuuzi anakuja, anagonga chungu kwa kidole, anakunja uso kama amenusa kitu kibaya, halafu anataja bei ya kunitukana. Na unampa, maana jua limeshazama na chungu huwezi kukila.

Mkamwana wangu Zaina ndiye aliyenitoa huko. Akanifungulia duka kwenye soko moja la mtandaoni, jina nalihifadhi.

"Mama, mjini siku hizi wanapikia vyungu kwa maringo," aliniambia.

"Na gesi zao wanafanyia nini?"

"Wanaviweka juu ya hiyo hiyo gesi."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Lakini oda zikaja, wakuu! Tunakifunga chungu kwa majani makavu ya mgomba, tunakitia kwenye boksi, Zaina anakwenda nacho stendi ya Korogwe, basi linaondoka nacho. Mwaka ule wa bada, vyungu ndivyo vilivyokuwa vinatuletea kitoweo. Shamba lilikuwa limetukataa kabisa.

Sasa dada mmoja wa Dar akanunua chungu kikubwa. Nitamwita Mama Juni, siyo jina lake.

Siku kadhaa zikapita. Zaina akaja na simu, uso umemshuka.

"Mama, tumepewa nyota moja."

Nikasema alhamdulillahi, nyota moja si haba. Sikujua kama nyota nayo inaweza kuwa tusi.

Akanisomea. "Msinunue kwa huyu bibi. Chungu kinakojoa. Nimepika maharage ya nazi, wakwe zangu wapo sebuleni wamekuja kwangu mara ya kwanza, mchuzi ukatiririka mpaka ukazima gesi. Tapeli."

Na picha ameweka. Chungu changu juu ya jiko, chini dimbwi.

Wakuu, duka kubwa lenye komenti kama mchanga, nyota moja ni inzi aliyetua ukutani. Sisi wadogo komenti zetu unazihesabu ukiwa umesimama. Kwetu huyo inzi ametua kwenye kikombe cha maziwa, na kikombe chenyewe ndicho hicho hicho kimoja.

Oda zikakata. Aliyekuwa ameagiza viwili akaghairi. Mwingine akaandika, "Bibi, una pampasi za vyungu?"

Habari ikafika mpaka kijijini, maana simu siku hizi kila mtu anayo. Jirani yangu Mwanaidi alinikuta natoka bondeni na udongo kichwani.

"Wifi, hicho nacho umeshakipeleka chooni?"

"Nakipeleka kwako kikajisaidie," nikamjibu. Tulicheka wote wawili. Ila nilipofika nyumbani nilitua udongo nisiuguse tena siku ile, kwa sababu tapeli ni neno ambalo mama yangu hakuwahi kuitwa. Na vyungu nilivyokuwa nimetoka kuvichoma vimejaa ukumbini, na debe la unga wa muhogo lilikuwa limeanza kuonyesha kitako. Kama mtandao umekufa, basi narudi kwa yule mchuuzi wa gulioni. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi.

Hapo akatokea kijana mmoja wa pale Korogwe mjini, Zaina ndiye aliyemleta. Viatu vyeupe pee, sijui alipitaje kwenye vumbi letu.

"Bibi, tatizo lako dogo," akasema. "Mimi nakuletea watu wa kukusifia. Nyota tano tano mpaka ile moja izame."

"Watu gani?"

"Akaunti tu, bibi. Sikiliza hii." Akasoma kwenye simu: "Nimepika makande kwenye chungu cha bibi huyu, familia nzima tumelamba vidole."

"Makande hayo ulikula wewe?"

"Hapana, bibi. Ni maneno tu."

"Chungu changu umewahi kukishika?"

Akageuka kuviangalia pale ukumbini. "Ndivyo hivi?"

Nikamwambia, "Sitaki. Ambaye hajapika kwenye chungu changu asinisifie."

Akaenda zake. Zaina alikasirika, na alikuwa na haki. "Mama, heshima yako tutaisonga ugali?" Nilimwambia tu, "Nipigie huyo dada wa Dar."

"Ukamtukane?"

"Nikamuulize alipikaje."

Maana hilo ndilo hakuna aliyeuliza, wakuu. Si wanunuzi, si yule wa pampasi, si sisi wenyewe.

Mama Juni alipokea kwa ukali. Aliposikia sauti ya kizee akalegea kidogo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa wakwe. Hebu niambie, chungu ulikipikia uji kwanza?"

"Uji wa nani? Mimi sina mtoto mchanga."

"Uji wa chungu."

Akasema, "Bibi, unanitania?"

Hapo ndipo nilipoona tumepotezana wapi.

Kwetu chungu kipya hakipikiwi chakula moja kwa moja. Udongo una vitundu ambavyo jicho halivioni. Unapika kwanza uji mwepesi wa unga wa muhogo, unauacha humo ulale, unaumwaga, unakianika chungu. Ule uji unaziba. Baada ya hapo pika hata bahari.

Na kwetu uji huo hapiki mfinyanzi. Ni mwiko. Anayekipikia chungu mara ya kwanza ndiye mwenye chungu. Mama yangu hakumpikia mtu, na mimi sikumpikia mtu. Ningekuuzia chungu nilichokwisha kukipikia, ningekuwa nimekuuzia chungu changu. Gulioni kila mwanamke anajua hivyo, hata wachuuzi wanajua. Basi mimi nikadhani dunia nzima inajua. Walionunua mtandaoni kabla yake labda walikuwa na bibi wa kuwaambia.

Nikamweleza yote. Akaanza kucheka, cheko la mtu anayetaka kulia.

"Bibi, mama mkwe alinyanyua miguu juu ya kochi akidhani bomba limepasuka."

Tukacheka mpaka salio likaanza kulia.

"Sasa nifute ile komenti?" akauliza.

"Usifute. Kwani hakikukojoa?"

"Kilikojoa."

"Basi iache. Pika uji, halafu pika maharage, halafu andika utakachokiona."

Zaina alikuwa amejishika kichwa.

Mama Juni aliandika. Akaweka na video, chungu kile kile, gesi ile ile, maharage yanachemka, chini pakavu. Akaeleza habari ya uji yote. Akanipa nyota tatu. Akasema mbili amezizuia kwa ajili ya miguu ya mama mkwe.

Nilizipenda zile tatu kuliko tano za yule kijana.

Oda zikarudi, na nyingi zilikuja kwa utani. "Naomba kile kinachokojoa." Vile vya ukumbini vikaisha.

Sasa kila chungu ninachotuma natia ndani gao la unga wa muhogo, limefungwa kitambaani, na Zaina anamtumia mteja sauti yangu ya maelekezo. Mwiko wa mama sijauvunja, uji anapika mwenyewe. Siku ya kwanza Zaina aliruka. "Mama! Unga tunaokula sisi unaupeleka Dar?" Nikamwambia funga boksi. Wiki ile bada ilikuwa nyembamba kidogo. Hakuna aliyekufa.

Nilichojifunza mimi: mnunuzi ukiudhika, muulize kwanza muuzaji, ndipo umwite tapeli, maana kidole chako kimoja kinafunga jiko la watu. Na muuzaji, usidhani anachokijua mama yako kila mtu amezaliwa nacho.

Haya, semeni na ninyi, mliowahi kupigwa nyota moja mlifanyaje? Utani ruksa, matusi nitayajibu.

Ila nawajua wajukuu zangu wa humu mna huruma. Wapo watakaotaka kukimbilia dukani kwangu kunirushia nyota tano ili kunifariji, hawajanunua, hawajakoka hata moto. Nawajibu mapema, kama nilivyomjibu yule wa viatu vyeupe.

Sitaki. Ambaye hajapika kwenye chungu changu asinisifie.