Programu Isiyopiga Hodi

Juzi pale Majengo, nikiwa dukani kwa fundi wa kompyuta, mama mmoja alimletea kompyuta yake ya nyumbani, kaifunga kwenye kitenge. Alitaka programu ya kumwezesha binti yake aliyeko Dar kuiendesha kompyuta hiyo akiwa hukohuko.

“Ipo inayoingia muda wowote, na ipo inayosubiri wewe ukubali,” fundi alisema.

“Niwekee inayopiga hodi, baba.”

Fundi akaiwasha kompyuta, akaipekua. “Mama, ile isiyopiga hodi imo tayari. Nani alikuwekea?”

“Sijui.” Akakitazama kijicho cha kamera. “Na huwa inakaa chumbani ninapolala.”

Akaifunika tena kwa kitenge, taratibu, kama anayefunika maiti.

Mimi naishi peke yangu, mtaa wa Chanji. Jioni ile nilipiga hodi mlangoni kwangu, nikimwomba Mungu nisisikie “karibu.”