Siku Marehemu Baba Yangu "Alipokubali" Mpango wa Shule za Punia

Jamani, muliwahi kusikia marehemu anatajwa mkutanoni, halafu wanasema amekubali?

Miye nilisikia. Hapa hapa Kindu, mwaka jana. Na marehemu mwenyewe ni baba yangu mzazi.

Naitwa Francine. Natengeneza moteri za pikipiki na mashua karibu na bandari. Siku hiyo niliitwa kwa niaba ya mafundi, maana jimbo lilikuwa linapitisha mpango wa shule za ufundi: teritwari gani, yaani wilaya gani, ipate masomo gani.

Msomaji wa mpango alikuwa Papa Félicien, mkubwa wa ofisi ya shule za jimbo. Tai shingoni, miwani puani.

"Kindu: umeme, mekanika, kompyuta. Kailo: kulima. Punia: kushona, basi. Tumeongea na madirektere wote wa shule."

Akaanza kusoma majina.

"Punia, Direktere Onema. Amekubali."

Nilishika kiti. Papa Onema, baba yangu, aliuawa mwaka 2001, wakati wa vita, alipotoka porini tulikokimbilia kurudi shuleni kuokoa vyombo vya mekanika. Tulimzika bila sanduku.

Na huyu Félicien, yeye hakunikumbuka. Miye sikumsahau hata siku moja.

Baada ya mazishi nilitembea kwa miguu mpaka Kindu, msichana wa miaka kumi na sita. Nikamkuta yeye kwenye meza ya kuandikisha wanafunzi wa shule ya ufundi. Nikamwambia nataka mekanika, baba amenifundisha kufungua moteri.

Alicheka mpaka machozi.

"Wewe wa Punia? Kwenu kazi njo kuchimba mawe. Na mwanamuke mekanika wapi? Nenda ukashone!"

Nikajifunza ufundi chini ya lori za wafanyabiashara wa Butembo, natukanwa kila siku. Miaka yote hiyo nilimuomba Mungu nafasi moja tu ya kumuaibisha yule muntu. Ndiyo, niliomba kanisani kabisa.

Basi nikasimama.

"Papa Félicien, mulionana lini na Direktere Onema?"

"Tuliongea kwa simu, mama. Mwezi uliopita."

"Mumupigie sasa. Wote tusikie."

Akaanza kujipapasa mifuko. "Rezo ya simu ya Punia, mama, unaijua..."

"Naijua. Na kaburi lake nalijua. Huyo njo baba yangu! Amekufa vitani!"

Ukumbi ukalipuka. Mjumbe wa Kailo naye akaruka: "Hata huyu wa kwetu alihamia Kisangani zamani!"

Kumbe lisiti yote ya majina ilikuwa ya wakati wa vita. Hakupigiwa simu hata mmoja. Félicien alitoka jasho mpaka tai ikalowa, na mbele yangu kulikuwa na chupa ya maji. Sikumpa. Nilifurahi, tena sana. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mpango ukarudishwa. Safari hii waliuliza watu, na Punia ikapata mekanika na umeme, kwa wavulana na wasichana.

Nikasema Mungu amejibu.

Wiki moja baadaye binti mmoja akaingia garaji yangu.

"Mama Francine, naitwa Bénie. Niko sekretere wa Papa Félicien. Na miye njo mutoto wake."

Nikakaza mkono kwenye ufunguo wa kufungulia boliti. "Amekutuma?"

"Hapana, mama. Ile lisiti ya zamani njo miye nilimupa, kwa makusudi. Aliniomba majina tu, hakusoma tarehe. Nilipochapa mwaliko wako niliona nawe ni Onema, nikauliza watu wa Punia, wakaniambia direktere alikuwa baba yako na alikufa. Nilijua utasimama."

"Sasa baba yako amekukosea nini?"

Machozi yakamtoka. "Nilifaulu hesabu, nikaomba umeme. Akaniweka kushona kwa nguvu. Miaka sita, mama!"

Nilimpa ovaroli siku ileile, akabaki kwangu.

Mwezi ukapita, Félicien akaja kumtafuta. Akamkuta binti yake mafuta mpaka kwenye viwiko.

"Bénie, twende nyumbani."

"Papa, ungoje. Namaliza kwanza moteri ya watu."

Akangoja saa nzima, amesimama juani. Viti nilikuwa navyo vitatu.

Nyinyi munaopanga masomo ya watoto wa wenzenu, mwende mukawaulize kwao. Mukidharau watoto wa mbali, na mutoto wa nyumbani kwenu munamudharau vilevile. Tena huyo wa nyumbani njo anajua karatasi zenu ziko wapi.